Mwalimu Nyani na Mstari wa Katikati

"Ngano hiyooo!"

"Ilete!"

"Ina kwato!"

"Tutakimbia nayo!"

"Ina pembe!"

"Tutaishika kwa hizo hizo!"

"Itakayempita, nisilaumiwe!"

"Hulaumiwi!"

Basi tulieni. Na wewe mwenye miwani sogea mbele, maana hii inakuhusu kuliko wenzako.

Hapo kale, kwenye milima ya mawe ambako mvua hunyesha ikijisikia tu, alikuwepo Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kinyama cha mapangoni, mnene kiasi, masikio mafupi, mkia hana, na meno mawili mbele kama anayetaka kukucheka. Ukimwona anaota jua juu ya jiwe utasema huyu hana shida duniani. Uongo! Pimbi ni kiumbe wa wasiwasi. Akila, anatazama juu. Akinywa, anatazama nyuma. Akilala, jicho moja linabaki zamu.

Na huyu Pimbi wetu alikuwa na sababu. Alikuwa na binti mmoja, jina lake Mwanasha. Mtoto mzuri, mwenye kicheko cha karibu, ila jambo likimwingia kichwani lilizunguka njia ndefu kabla ya kutoka. Ukimwuliza asubuhi kama ameshiba, jioni anakuja kukwambia, "Ndiyo, mama."

"Atachangamka tu," majirani walisema.

"Atachangamka," Pimbi alijibu. Lakini moyo wake ulikuwa haujibu hivyo. Moyo wake ulikuwa unakwenda ndu, ndu, ndu.

Sasa, chini ya mawe hayo kulikuwa na chemchemi, na wakati wa kiangazi hayakuwepo maji mengine. Na kando ya chemchemi alilala nani? Bwana Chui! Mabega hayo! Kucha hizo! Na tumbo lisilo na kitako: kinachoingia hakionekani kilikokwenda. Ila wanyama walikuwa wameshamzoea. Walikunywa kwa zamu, na Pimbi alikaa juu ya jiwe kuwalinda. Chui akiinuka tu, Pimbi anapiga mbinja, fwiiiii! Wanyama purrrr! Chui anabaki anakula vumbi. Leo vumbi, kesho vumbi, na vumbi halinenepeshi.

Ndipo akatokea Nyani.

Nyani huyu alikuwa ametoka mjini. Huko aliishi nyuma ya chuo kimoja, jirani na jalala la jikoni, juu ya mti uliotazamana na dirisha la darasa. Huku anakula maganda, huku anasikiliza wasomi wanavyofundishana. Alirudi na fremu ya miwani isiyo na vioo, na kikohozi cha kisomi: "Ehem."

Chui akamtazama. "Wewe ni mgeni au ni nyama?"

"Mimi ni mtaalamu, Bwana Mkubwa."

"Hiyo sijawahi kula."

"Hailiki. Ehem. Nimekutazama ukiwinda. Unahangaika sana kuwakimbiza."

"Nifanyeje? Si wanakimbia!"

"Wanakimbia kwa sababu unawakimbiza. Acha kuwakimbiza. Wapime."

"Niwapime nini, unene?"

"Akili."

Chui akajikuna shingo. "Akili ndiyo nini?"

"Lo! Hapo wasomi wamegombana mpaka wakarushiana chaki. Mmoja anasema akili ni kujifunza haraka. Mwingine anasema ni kujinasua kwenye shida. Mwingine anasema ni kukumbuka. Mwingine anasema ni kujua kuishi na jirani. Wengine wanasema akili ni moja, kama uti wa mgongo. Wengine wanasema ni nyingi, kama vidole."

"Na wewe?"

"Mimi nasema akili ni kile ninachokipima."

"Na unapima nini?"

"Ninachokijua."

Chui hakuelewa kitu, lakini alipenda jinsi jibu lilivyotamkwa. Nyani akasogea, akashusha sauti. "Ukiwakimbiza, watakimbia. Ukiwapima, watapanga foleni wenyewe. Na watasukumana."

Wakapatana. Chui atapata nyama, na Nyani atapewa ule mkuyu wa kando ya chemchemi, na matunda yake yote.

Kesho yake wanyama wakaitwa. Nyani akapanda juu ya kichuguu. "Ehem! Kuanzia sasa Bwana Chui ameacha mambo ya kizamani. Kila mmoja atapimwa akili. Mwenye jibu sahihi anapata kokoto. Mwisho mtapangwa, mwenye kokoto chache kule, mwenye nyingi huku, nami nitachora mstari katikati. Walio juu ya mstari watapakwa udongo mweupe kwenye kipaji cha uso, watakunywa maji bila kuguswa. Walio chini watapelekwa darasa la ziada, kule korongoni, wasaidiwe."

"Wasaidiwe na nani?" akauliza Sungura.

"Na Bwana Chui mwenyewe. Amejitolea."

Wanyama wakatazamana. Ndipo Ngiri akapaza sauti, yule mwenye manyoya ya shingoni kama kofia iliyokosewa. "Tatizo liko wapi? Mwenye akili aogope nini?"

Hapo ndipo walipokosea, jamani! Kila mmoja aliwatazama wenzake akajiambia moyoni: hawa, hawa hapa, ndio wawe juu yangu mimi? Haiwezekani. Na kila mmoja akapiga makofi.

Kila mmoja isipokuwa Pimbi. Pimbi alikuwa anamtazama Mwanasha, na Mwanasha alikuwa anatazama kipepeo.

Wakarudi pangoni. Pimbi akamkalisha mtoto. "Mwanangu, wanasema utaambiwa maneno haya, uyarudie kinyume. Tujaribu. Sema: jiwe, mti, ndizi."

"Jiwe, mti... mama, ndizi ni nini?"

Pimbi mwenyewe hajawahi kuiona. "Ni kitu cha nyani. Wewe sema tu."

"Kinauma?"

"Hakiumi, Mwanasha! Rudia kinyume!"

Mwanasha akageuka, akampa mama yake mgongo, akasema, "Jiwe, mti, ndizi."

Pimbi akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. Wakajaribu tena. Wakajaribu tena. Mtoto akalala kwenye jiwe mdomo wazi, na mama akabaki anajirudia peke yake kama aliyepandwa na homa: ndizi, mti, jiwe; ndizi, mti, jiwe.

Siku ya kipimo ikafika. Foleni ikapangwa kuanzia chemchemi mpaka kwenye kichuguu, na kama alivyosema Nyani, walisukumana. Na wakaimba, maana mnyama akiogopa huimba.

"Mstari wa nani?"

"Wa Mwalimu!"

"Unapita wapi?"

"Katikati!"

Nyani akaanza. "Ukiingia shamba la mahindi, unamenya hindi kuanzia wapi?" Ngiri, mwizi wa mashamba tangu utotoni, akajibu kabla swali halijaisha. Kokoto, tik! "Ukiwa mtini, unaokota tunda kwa kidole gani?" Nyoka akatazama huku na huku, hana kidole wala rafiki. Hakuna kokoto. Digidigi alipimwa koo limekauka kwa kiu. Alijua majibu, lakini ulimi ulikuwa umegandama juu kama umepigwa gundi. Hakuna kokoto. Kobe aliambiwa ajibu haraka. Mpaka leo anafikiri.

Na Sungura? Enhee, mnamngoja Sungura! Mnajua yeye ndiye mjanja wa ngano zote. Sungura alibishana na maswali. "Mwalimu, swali lako lina kasoro. Mwalimu, inategemea hindi la nani." Hakupata hata kokoto moja. Akawa wa mwisho kabisa, pale chini kabisa, masikio yamelala.

Ikafika zamu ya Pimbi. Alikuwa anajua yote. Lakini aliposimama mbele ya ile miwani isiyo na vioo, moyo ulipiga kelele mpaka hakusikia swali. Ndu, ndu, ndu! "Unasemaje, Mwalimu?" "Nimesema rudia kinyume!" "Ndizi... mti... jiwe!" Tik! Akapata kokoto zake chache, akasogea pembeni.

Kisha Mwanasha.

"Rudia kinyume: jiwe, mti, ndizi."

Mwanasha akatulia.

"Ehem. Hajui. Swali la pili: jua linazama wapi?"

"Ndizi, mti, jiwe," akasema Mwanasha kwa furaha.

"Kosa! La tatu: nani mkubwa, tembo au siafu?"

"Kule," akasema Mwanasha, akionyesha machweo.

Yaani majibu yote yalikuwa sahihi, ila kila moja lilifika swali lake limeshaondoka. Mwisho Nyani, kwa kuchoka, akamdondoshea kokoto za huruma.

Wakapangwa. Nyani akachukua kijiti, akatembea mbele ya mstari wa wanyama, akihesabu kwa midomo. Pimbi alimshika Mwanasha mkono, maana walipangwa jirani, mama kokoto moja zaidi ya mtoto. Nyani akapita Ngiri. Akapita Swala. Akapita Nungunungu. Akafika kwao, akasimama, akainama.

Kwaruuuuu!

Mstari ukapita katikati ya mama na mtoto.

"Mkono huo uachie," akasema Nyani.

"Mwalimu, ni mtoto."

"Kipimo hakimjui mama wala mtoto. Achia."

Mwanasha akaenda na walio chini, anapunga mkono, kwa sababu hajawahi kualikwa darasani. Na Pimbi akapakwa udongo mweupe usoni, ukakauka, ukambana ngozi kama kovu.

Sikilizeni sasa lile korongo lilivyo. Kuta zake ni za mchanga. Ukipanda, zinamomonyoka, por, por, por, unarudi chini. Mlango ni mmoja, na mlangoni analala Chui. Mle ndani wanafunzi wanakaa kwa heshima, wanaitwa mmoja mmoja, kuanzia wa chini kabisa, kwenda nyuma ya jiwe kubwa kufanya mtihani wa mdomo. Anayekwenda harudi. Wanaobaki wanasema, "Amehitimu!"

Pimbi alipanda juu ya ukingo akachungulia. Akamwona Sungura anaitwa. Akamwona anakwenda nyuma ya jiwe, bado anabisha, kidole juu. Kisha Chui akatoka peke yake, anajilamba, na sikio moja limening'inia kwenye sharubu.

Pimbi akakimbia mpaka kwa Ngiri, pumzi hana. "Kaka Ngiri! Wanaliwa! Nimeona!"

Ngiri alikuwa chemchemini, anajitazama uso majini, anaurekebisha udongo wake. "Dada, umeona mara ngapi?"

"Mara moja!"

"Mara moja haitoshi kitaalamu. Halafu wewe ni mama, una hisia. Na hata kama ni kweli," akanywa maji, glu glu glu, "si ni wale wa chini?"

Pimbi akarudi ukingoni. Akawa anashinda pale. Walio chini wakawa wanapungua, na Mwanasha, aliyekuwa jirani na mstari, akawa anasogea. Mama akamwita kwa sauti ndogo, "Mwanasha! Mwanangu! Unaendeleaje?" Akangoja. Kivuli kikahama kutoka jiwe moja hadi jingine. Ndipo likaja jibu kutoka chini: "Vizuri, mama! Mwalimu anasema anayeitwa mwisho ndiye bora!"

Pimbi akauma mkono wake asipige kelele.

Chui akaona korongo linaelekea kuwa tupu. Tumbo likanguruma, grrrum. Akamwita Nyani, na Nyani akapanda tena kichuguu. "Ehem! Akili si kitu cha kupima mara moja ukaacha. Inashuka, inapanda. Walio na udongo mweupe mtapimwa upya."

Ngiri akaruka. "Mimi nimeshapimwa! Niko juu!"

"Ulikuwa juu ya wale. Wale hawapo. Sasa tunatafuta nani yuko juu ya nani kati yenu."

"Lakini Mwalimu, sisi sote hapa tuna akili!"

"Vizuri sana. Na katikati yenu kuna katikati."

Pimbi alipolisikia neno hilo, kitu kikamgonga kichwani kuliko jiwe. Kumbe! Mstari wa katikati haukosi watu chini yake. Wakibaki mia, kuna walio chini. Wakibaki kumi, kuna walio chini. Wakibaki wawili... Akaganda hapo. Wakibaki wawili, mmoja yuko chini. Hata wawe wawili gani. Hata wawe wakubwa gani!

Alijua la kufanya, na alitamani asingelijua, maana lilikuwa linataka aende akasimame mbele ya Chui. Mguu mmoja unakwenda, mwingine unarudi. Akafika hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuliwa? Zamu yako bado."

"Nimekuja na fedheha, Bwana Mkubwa. Huko mawe ya juu wanasema... basi, naona aibu. Ngoja niende."

Paaa! Mguu wa Chui ukatua juu ya mgongo wake. Kucha zikatoka kidogo, zikapenya manyoya. "Wanasema nini?"

"Wanasema akili ya huku yote ni ya Mwalimu Nyani. Nikasema, na Bwana Mkubwa je? Wakasema, huyo nani kampima? Nikasema, Bwana Mkubwa hahitaji kupimwa. Wakacheka."

"Nani alicheka?"

"Sikuwatazama, Bwana Mkubwa. Nilikuwa natazama chini kwa aibu."

Mguu ukabaki pale pale. Pimbi alisikia kucha zinafikiri. Ndu, ndu, ndu. Akamalizia haraka, "Lakini usikubali kuchanganywa na sisi wadogo! Mkubwa hupimwa na mkubwa mwenzake. Wewe na Mwalimu tu. Sisi tutazame, tushike adabu."

Chui akaondoa mguu. "Nyani!" akanguruma. "Njoo unipime. Leo. Sasa hivi!"

Nyani akaja mbio, akasikia habari, na palepale miwani ikateleza puani. Kwa sababu Nyani, mseme mnavyosema, hesabu alikuwa anaijua. "Bwana Mkubwa, ehem, wawili hawatoshi. Kitaalamu, tunahitaji wengi..."

"Uliza maswali."

Wanyama wakajaa mpaka juu ya mawe. Nyani akashika kokoto. Akachagua maswali mepesi kama pamba. "Bwana Mkubwa, madoa yako yako wapi?"

"Mwilini."

"Sahihi!" Tik! "Mkia wako uko mbele au nyuma?"

Chui akageuka akahakikisha. "Nyuma."

"Ajabu ya akili!" Tik! "Rudia kinyume: chui."

Chui akafumba macho. Akakunja uso. Jasho likamtoka. "...Chui?"

"Sahihi kabisa!" Tik, tik, tik! Nyani akamwaga kokoto zote zilizobaki.

"Na sasa Mwalimu," akasema Pimbi. Sauti yake ilitoka nyembamba kama unyasi. "Nani atamwuliza Mwalimu?"

"Muulize wewe," akasema Chui, ametuna kwa fahari. "Uliza upesi, njaa inaniuma."

Pimbi akasogea mbele. "Nina swali moja tu. Mwalimu, kati yako na Bwana Mkubwa, nani mwenye akili zaidi?"

Hata nzi walitua.

Nyani akatazama kucha. Akatazama mkuyu. Akatazama kucha tena. "Bwana Mkubwa," akanong'ona.

"Hatusikii!" wakasema wanyama.

"Bwana Mkubwa!"

"Basi Mwalimu amejipima mwenyewe," akasema Pimbi. "Hakuna haja ya kokoto. Chora mstari."

Na wimbo ukaanza, kwanza Nungunungu peke yake, kisha Swala, kisha mawe yote yakaitika.

"Mstari wa nani?"

"Wa Mwalimu!"

"Unapita wapi?"

"Katikati!"

Kijiti kikatetemeka. Kwa-ru-ru-ru. Huku Chui, huku Nyani, na mstari katikati yao.

"Na aliye chini ya mstari," akauliza Pimbi, "huenda wapi?"

Safari hii Chui ndiye aliyejibu, taratibu, huku akijilamba sharubu. "Darasa la ziada."

Hebu mngemwona Nyani! Kijiti kule, miwani kule, hop! Mtini! Chui akarukia, akakosa, kucha zikachana gome, kraaa. Nyani akafika tawi la juu kabisa, hofu ikamgeuka hasira, akasahau heshima yote. "Zimwi wee! Majibu yote nimekupa mimi! Kwa haki, kwa kipimo cha kweli, uko chini! Uko chini kabisa!"

Chui akasimama. Mkia ukaacha kucheza. "Chini ya nani?"

"Chini ya wote! Chini hata ya huyo Pimbi!"

Chui akageuza kichwa taratibu. Macho yale ya manjano yakatua kwa Pimbi. Hatua moja. Hatua ya pili. Wanyama wakarudi nyuma, Pimbi akabaki peke yake kwenye uwazi, na pa kukimbilia hana.

"Ni kweli?" akauliza Chui. "Niko chini yako?"

Akisema ndiyo, analiwa. Akisema hapana, analiwa vilevile, maana sasa ni nyama tu iliyo karibu.

"Mimi sijui, Bwana Mkubwa," akasema mwishowe. "Mimi ni Pimbi, nitajuaje? Anayejua yuko mtini. Na anaondoka."

Kweli, Nyani alikuwa ameshadaka tawi la mti wa pili. Akadaka wa tatu. "Nyani!" Chui akanguruma. "Rudi! Sikuli! Nipime tena! Niulize magumu!" Nyani akazidi mbio, maana ahadi ya asiyekula huku anakimbiza haina mnunuzi. Wakapotea bondeni, mmoja juu, mmoja chini, na sauti ikawa inafifia: "Niulize magumuuu!"

Pimbi hakungoja vumbi litue. Akaingia korongoni. "Tokeni! Wote! Darasa limefungwa!"

Waliosalia wakatoka wanakanyagana. Mwanasha akabaki amekaa, mikono magotini, kama alivyofundishwa.

"Mwanasha, twende!"

Mwanasha akamtazama tu. Huko bondeni kitu kikanguruma, na Pimbi hakujua kama kinakwenda au kinarudi. Ndu, ndu, ndu. Angeweza kumvuta. Hakumvuta. Alimjua mwanawe, jambo lilikuwa njiani, linakuja.

"Mama," akasema Mwanasha. "Mimi nimefaulu?"

"Umefaulu, mwanangu."

"Juu ya nani?"

Pimbi akamshika mkono. "Inuka twende," akasema. Mtoto akainuka, wakapanda mawe pamoja, na Pimbi akapita chemchemini akausugua ule udongo usoni mpaka ngozi ikawasha. Ngiri alikataa kunawa. Alisema wake umeandikwa kisayansi.

Na Chui? Chui hakumpata Nyani. Alikosa nyama, lakini nyama haikumsumbua kama lile jibu. Akawa anamkamata Swala, badala ya kumla anamwuliza, "Subiri kidogo. Unavyoniona, niko juu au chini?" Swala anasema, "Ngoja nifikiri," Chui analegeza mguu apate kusikia vizuri, na Swala purrrr! Akakonda. Akawa hasinzii. Akisikia majani yanacheka na upepo, anageuka: "Nani huyo anacheka?" Mwisho akaona dawa ni moja, asikae na mwenzake. Ndiyo maana mpaka leo Chui anatembea peke yake. Wakikaa wawili tu, mmoja anaanza kutazama ardhini, anatafuta mstari umepita wapi.

Ngano imeingia pangoni, mkia wake umebaki nje. Mwenye nguvu auvute.

Na funzo lake, msije mkasema hamkuambiwa, ni hili: wapimeni watoto wenu mapema, wapimeni mara nyingi, na anayechelewa kujibu mpelekeni darasa la ziada bila kumwonea huruma, maana kipimo hakikosei. Mimi mwenyewe shule niliiaga mapema, hakuna aliyewahi kunipima, na bado nina akili kuwashinda nyote mliopo hapa. Ushahidi? Ninyi wasomi mmekaa chini mpaka mwisho, na mimi ndiye niliyesimama.